Maisha ya Thumama bin Uthal, Bwana wa Yamama

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku wamwaminio na wamkanushao. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake.

Ama baada ya haya: Thumama bin Uthal alikuwa mkuu wa Bani Hanifa katika nchi ya Yamama, upande wa Najd. Nchi yake ilikuwa ya ngano na mitende. Na Makka, kama ijulikanavyo, ni bonde lisilolimika. Watu wake waliishi kwa biashara, na chakula chao kililetwa na misafara, mingine ikitoka Yamama.

Khabari yake hutajwa katika mambo ya mwaka wa 6 wa Hijra. Kikosi cha wapanda farasi wa Kiislamu kilimkamata alipokuwa akienda kufanya Umra kwa desturi za kijahili, akaletwa Madina akafungwa kwenye nguzo ya msikiti. Kwa siku tatu Mtume (s.a.w.) alimpitia akimwuliza ana lipi la kusema. Naye akajibu kwamba akiuawa, ameuawa mtu ambaye damu yake ina wenyewe. Akisamehewa, amesamehewa mtu mwenye kushukuru. Na ikitakiwa mali, na itajwe apewe. Siku ya tatu Mtume akaamrisha afunguliwe. Thumama akenda penye mitende karibu na msikiti, akaoga, akarudi akatamka shahada. Akakiri kuwa hapakuwa na uso aliouchukia kuliko wa Mtume, na sasa hapana aupendao zaidi.

Mtume akampa bishara njema, akamwamrisha aitimize Umra yake. Alipofika Makka, Makureshi wakamlaumu kwa kuacha dini ya wazee, wakataka hata kumwua. Kisha wakakumbushana kuwa wanakihitaji chakula cha Yamama, wakamwacha. Hapo akaapa kuwa haitawafikia hata chembe moja ya ngano ya Yamama ila kwa idhini ya Mtume. Akarudi kwao, akaizuia.

Dhiki ikaingia Makka. Makureshi wakamwandikia Mtume kumkumbusha kuwa yeye huamrisha kuunga udugu, naye ameukata udugu wao. Baba amewaua kwa upanga, na watoto anawaua kwa njaa.

Zingatia, ewe ndugu msomaji, ni nani walioandika barua hiyo. Ni wale wale walioandikiana, katika mwaka wa 7 wa Utume, kuwa Bani Hashim wasiuziwe kitu wala wasioane nao. Wakawabana katika bonde la Abu Talib muda wa miaka ipatayo mitatu, hata kilio cha watoto wenye njaa kikasikika nje. Na ndio waliokuja mwaka wa 5 wa Hijra pamoja na makabila mengine, wakaihusuru Madina, na Mtume akichimba handaki hali amefunga jiwe tumboni. Mwenye kutaka kisasi angaliona siku yake imefika, tena kisasi kisichohitaji upanga: ilitosha kunyamaza tu, au kuichelewesha barua.

Mtume hakunyamaza. Alimwandikia Thumama awaachie Makureshi chakula chao. Na wapokezi hawakutaja sharti lolote. Thumama, aliyezuia kwa ghera ya dini, akafungua kwa utii wa dini.

Huenda mtu akasema kuwa vitabu vyetu vyaruhusu kumhusuru adui. Naam, Imam Nawawi ameyataja hayo katika Minhaj, na silaha ni haramu kumwuzia adui wa vitani. Lakini katika chakula wanazuoni walisimama penye khabari hii. Sheikh Marghinani wa madhehebu ya Hanafi, aliyefariki mwaka 593 wa Hijra, ameeleza katika al-Hidaya kuwa kiasi kingetaka chakula nacho kizuiliwe, lau si amri aliyopewa Thumama, na hali watu wa Makka walikuwa vitani na Mtume. Na hekima yake ni dhahiri. Njaa haianzi kwa mwenye upanga. Huanza kwa mjane, na yatima, na mtumwa, na bwana mwenye ghala humfika mwisho. Askari aliye ngomeni aweza kufungua mlango akasalimu amri. Mtoto anyonyaye hana ufunguo wa ngome.

Mtume alipofariki, mwaka wa 11, Musaylima aliwapoteza wengi katika Bani Hanifa. Thumama alisimama imara juu ya Uislamu. Akawatoa waliomfuata, akaungana na jeshi la Al-Ala bin Al-Hadhrami kupigana na walioritadi upande wa Bahrein. Baada ya vita akauawa. Imepokewa kuwa watu walimwona na joho la mkubwa wao aliyeuawa vitani, wakadhani kuwa yeye ndiye aliyemwua.

Basi ajue kila aliyepewa uwezo juu ya chakula cha watu, akiwa ni mwenye jeshi, au mwenye jahazi, au mwenye ghala, kuwa adui naye ana watoto, na kuwa Mwenyezi Mungu atamwuliza juu ya matumbo yao. Mola amrehemu Thumama, na atujaalie sisi kutii tunapokuwa na nguvu kama tutiivyo tunapokuwa wanyonge. Amin.