Imam Ghazali na wiki ya mstaafu

Mtu akistaafu hapa mjini huulizwa maswali mawili: mafao yameshatoka, na je, sasa unafanya nini? La kwanza hulijibu kwa kunung'unika, la pili kwa kucheka. Nami nimestaafu, na maswali hayo nimeyajibu mara nyingi barazani. Siku hizi nikiulizwa hilo la pili huwasimulia wenzangu habari za mtu aliyeacha kazi kubwa kuliko kazi zetu zote tukizijumlisha, akiwa na umri wa miaka 37 hivi, na wiki zake baada ya hapo hazikuwa na siku tupu.

Mtu huyo ni Imam Abu Hamid Al-Ghazali, Allah amrehemu. Wengi tunamjua kwa mapambano yake ya kalamu na wanafalsafa, na kwa kitabu chake Ihyaa Ulumid Din ambacho hata kwetu pwani masheikh wamekisomesha misikitini. Leo naomba, ndugu msomaji, tumtazame kwa jambo ambalo halizungumzwi sana: namna alivyozigawa saa na siku zake alipokuwa hana mwajiri.

Alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058) huko Tus, mji wa Khurasan uliokuwa karibu na ilipo Mashhad ya leo nchini Iran. Baba yake alikuwa mtu wa kipato kidogo. Alipofariki aliwaacha yeye na nduguye Ahmad mikononi mwa rafiki yake mmoja mchamungu. Akiba ikaisha, na mlezi yule akawashauri vijana waingie madrasa, ambako mwanafunzi alipata chakula pamoja na elimu. Kutoka hapo Ghazali alipanda upesi. Nishapur alisoma kwa Imamul Haramayn Al-Juwayni mpaka sheikh huyo alipofariki mwaka 478 (1085), kisha akaingia katika baraza la Nizamul Mulk, waziri mkuu wa Waseljuki, ambako maulamaa walishindana kwa mijadala mbele ya wakubwa. Mwaka 484 (1091) waziri huyo akamteua kuwa mwalimu wa Nizamiyya ya Baghdad. Wanafunzi 300 walikuwa wakihudhuria darsa zake, na haiba yake mjini ilikuwa kama ya maamiri.

Miaka minne baadaye, katika mwezi wa Rajabu mwaka 488 (1095), ulimi wake ulifunga. Alikuwa akijilazimisha kwenda kusomesha ili kuwaridhisha wanafunzi, na neno halitoki. Chakula kikawa hakipiti, na matabibu wakakata tamaa wakisema maradhi haya yametoka moyoni. Mwenyewe ameeleza katika Al-Munqidh kwamba alipoikagua nia yake katika kusomesha aliona imeelekea kwenye cheo na sifa. Mwezi wa Dhulqaada mwaka huohuo aliaga Baghdad. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kumtosha yeye na matumizi ya watoto wake, akawaambia watu anakwenda Makka, huku moyoni amekusudia Sham.

Hapo kwenye watoto naomba tusimame kidogo. Wapo wanaomtaja Ghazali kama hoja ya kuitelekeza nyumba. Yeye hakuondoka mpaka alipohakikisha watoto wana cha kula, na baada ya kukaa Damascus karibu miaka miwili, akipanda mnara wa Msikiti wa Bani Umayya na kujifungia humo mchana kutwa, kisha Baitul Muqaddas, kisha kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.) huko Al-Khalil, kisha Hija, kilichomrudisha nyumbani ni wito wa watoto. Anasema wazi kwamba mahitaji ya familia na riziki yalikuwa yakimvurugia ile faragha yake. Sioni aibu yoyote katika maneno hayo. Mstaafu yeyote mwenye wajukuu anayaelewa.

Pale Al-Khalil, mwaka 489 (1096), aliweka ahadi tatu: hatakwenda kwa mtawala, hatapokea mali ya mtawala, na hataingia tena katika mijadala ya kushindana. Ahadi hizi ndizo zilizompa wakati. Aliyewahi kufanya kazi ya ofisi anajua ni saa ngapi za wiki zinakwenda kwa kumsubiri mkubwa na kubishana vikaoni.

Lawama zipo, tena nzito. Mwaka 492 (1099) majeshi ya Msalaba yaliteka Baitul Muqaddas na kuchinja watu wake, na wapo waandishi waliomlaumu kwamba msiba ule hausikiki katika vitabu vyake, naye alikuwa ameswali huko miaka mitatu tu nyuma yake. Sitaki kuipuuza lawama hiyo, wala sidhani kwamba uradi wa usiku unaifuta. Ninachosema ni kuwa mtu huyu hakukaa bure, na ushahidi wa alichokuwa akikifanya uko mezani.

Aliporudi Tus alijenga madrasa kando ya nyumba yake, na pembeni yake zawiya ya Masufi. Abdul Ghafir Al-Farisi, mwanachuoni wa Nishapur aliyekuwa akimzuru mara kwa mara, alikuwa amemjua tangu enzi za majivuno yake, na mwanzoni alishuku kwamba unyenyekevu huu mpya ni wa kujitia. Baada ya kuchunguza akaridhika. Yeye ndiye aliyetuachia habari kwamba Ghazali aliugawa wakati wake baina ya kukhitimisha Qur'an, kukaa na watu wa nyoyo, na kusomesha, hata isipite nafasi isiyo na faida kwake au kwa aliye naye.

Namna ya kuugawa wakati ameiandika mwenyewe katika kitabu cha kumi cha Ihyaa, kinachohusu mpangilio wa nyiradi. Mchana ameukata vipande saba, kuanzia kuchomoza alfajiri mpaka kuzama jua, na kila kipande kina kazi yake. Kwa mwanachuoni anapendekeza hivi: baada ya Alfajiri akae na dhikri mpaka jua litoke. Jua likitoka asomeshe mpaka wakati wa dhuha. Kutoka dhuha mpaka Alasiri aandike na kufanya mutalaa, asikatishe isipokuwa kwa chakula, udhu, swala na kailula ndogo mchana ukiwa mrefu. Baada ya Alasiri aache kuandika na kusoma, kwa kuwa saa hiyo huenda ikayadhuru macho, asikilize wanafunzi wakimsomea tafsiri au hadithi. Jua likiwa la manjano arudi kwenye dhikri. Mimi nimeanza kuvaa miwani miwili, na hilo la macho limenigusa kuliko yote.

Hata usingizi ameupigia hesabu. Usiku na mchana ni saa 24, na saa nane za kulala anaziona ni wastani. Kisha anazidisha: mtu akiishi miaka 60 amelala miaka 20. Hakusema tulale saa tatu ili tuonekane mawalii.

Wiki nayo ilikuwa na sura yake. Mwenye shughuli ya kusomesha anamtosheleza khitma moja kwa juma, na mwabudu asipungue khitma mbili: moja ya mchana, aikamilishe Jumatatu katika Alfajiri, na nyingine ya usiku, aikamilishe katika Magharibi ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Anayezama katika kuzingatia maana, hata khitma moja kwa mwezi si pungufu kwake. Kufunga ni Jumatatu na Alhamisi. Na Alhamisi hiyohiyo, baada ya Alasiri, Ijumaa imeshaingia kwake: nguo zifuliwe, manukato yaandaliwe, moyo uondolewe kila kitakachomchelewesha kesho. Anasimulia kwa masikitiko kwamba katika karne ya kwanza watu walijaa njiani kabla ya alfajiri wakiwa na taa wakienda msikitini siku ya Ijumaa kama siku ya Idi, mpaka desturi hiyo ikafutika. Tunaoingia imamu akiwa ameshapanda mimbari tujihesabu wenyewe.

Msomaji makini atauliza kuhusu zile swala alizozitaja kwa kila siku ya wiki na kila usiku wake. Wanachuoni wa hadithi, akiwemo Al-Hafidh Zaynuddin Al-Iraqi aliyezichambua hadithi za Ihyaa, wamezikosoa riwaya zake, na haki yao ni kusikilizwa. Ghazali mwenyewe alikiri kwamba bidhaa yake katika hadithi ni haba. Lakini angalieni alichokifanya. Katika miaka yake ya mwisho aliwageukia watu wa hadithi, akakaa nao na kuvishughulikia vitabu viwili sahihi vya Bukhari na Muslim. Sheikh aliyesomesha wanafunzi 300 Baghdad akakaa chini tena kama mwanafunzi. Sisi mzee akiambiwa aende darsa la tajwidi hujibu kwamba umri umepita.

Jambo jingine katika kitabu hicho linawahusu wale ambao bado wako kazini. Ghazali hakuwapa watu wote ratiba moja. Mwenye ufundi au biashara anayehitaji kuilisha familia yake, uradi wake wakati wa kazi ni kuwepo sokoni na kuchuma, ilimradi asimsahau Mola wake, na haimpasi kuwapoteza wanaomtegemea kwa kuzamisha saa zote katika ibada. Akipata cha kumtosha arudi kwenye nyiradi zake, na akiendelea kuchuma ili atoe sadaka kinachozidi, hilo ni bora zaidi. Kumtembelea mgonjwa, kusindikiza jeneza, kumsaidia Muislamu haja yake, vyote amevitia ndani ya saa za asubuhi kama sehemu ya ibada. Kwa hiyo mstaafu anayeshinda msikitini naye jirani yake amelazwa hajamwona, hiyo si ratiba ya Ghazali.

Dola nayo haikumwacha. Mwaka 499 (1106) Fakhrul Mulk, mtoto wa Nizamul Mulk aliyekuwa waziri huko Khurasan, alimshikilia arudi kusomesha katika Nizamiyya ya Nishapur. Alikwenda baada ya kutaka ushauri kwa watu wema, miaka 11 tangu aondoke Baghdad, akiona kwamba karne mpya inaanza na watu wanahitaji kuamshwa. Hakukaa sana. Alirudi tena Tus, na hivyo unaweza kusema alistaafu mara mbili. Katika miaka hiyo aliandika Al-Mustasfa katika Usulul Fiqhi, akaimaliza mwanzoni mwa mwaka 503 (1109), na mpaka leo ni rejea katika vyuo vya sharia.

Mwaka 504 (1110) kiti cha Baghdad kikawa wazi kwa kufariki Al-Kiya Al-Harrasi, aliyesoma naye kwa Al-Juwayni. Wakubwa wakamwandikia aje. Jibu lake lilikuwa la mtu mwenye shughuli. Alieleza kuwa Tus ana wanafunzi 150 ambao hawawezi kumfuata mpaka Baghdad, ana familia ambayo haiwezi kuhamishwa hivi hivi, ana kijishamba kinachomtosha bila kuomba mtu, na ana zile ahadi za Al-Khalil ambazo Baghdad haiwezekani kuzitimiza. Cheo ambacho wengi wangekifia, yeye alikipima na juma lake akaona hakina pa kuingia.

Mwanzoni mwa Jumadal Akhira mwaka 505 alimaliza kitabu kidogo, Iljamul Awam, kinachowaonya watu wasio na elimu wasizamie mijadala ya sifa za Mwenyezi Mungu. Siku chache baadaye, Jumatatu tarehe 14 ya mwezi huo, sawa na Desemba 18, 1111, nduguye Ahmad anasimulia kwamba alfajiri alitawadha, akaswali, akaagiza aletewe sanda yake, akaibusu, akaiweka machoni, akanyoosha miguu kuelekea kibla, na kabla jua halijatoka roho ikatoka. Aliacha mabinti, hakuacha mtoto wa kiume. Asubuhi hiyo ilikuwa ya darsa.