Tippu Tip na pembe zilizoishia kwenye meza ya biliadi

Anayerudi kwenye pool baada ya miaka mingi huanza na fimbo. Katika vilabu vya Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala utawaona waliotamba enzi za mashindano ya Safari Pool, sasa wana vitambi na watoto, wakilaza fimbo juu ya meza na kuiviringisha polepole. Ikirukaruka imepinda, inarudishwa ukutani. Kisha wanapapasa ngozi ya nchani. Ikiwa ngumu na inang'aa kama kokwa, haitashika chaki na mpira utateleza. Mwisho wanatazama kile kikola cheupe kilicho chini ya ngozi, kuona kama kina ufa.

Ushauri wetu kwa anayetaka kununua fimbo yake mwenyewe ni mfupi: asikimbilie. Acheze kwanza wiki kadhaa na fimbo za klabu mpaka mkono ukumbuke, ndipo ajue kama anataka nzito au nyepesi. Nyingi huwa kati ya gramu 480 na 600. Iliyonyooka yenye ngozi nzuri inatosha, nakshi na rangi hazisukumi mpira.

Lakini leo tunataka kuzungumzia hicho kikola cheupe. Siku hizi ni cha plastiki. Zamani, kwenye fimbo za gharama, kilikuwa pembe ya ndovu, na mipira yote ya mezani ilikuwa pembe ya ndovu pia. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilipita Unguja, na hakuna mfanyabiashara wa pembe aliyepata jina kubwa kuliko Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi tunamjua kama Tippu Tip.

Alizaliwa Unguja mwaka 1837 au karibu na hapo, katika ukoo wa Waarabu na Waswahili uliokuwa na mizizi bara na pwani. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyeweka makazi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Kijana alianza biashara akiwa na miaka kama 12, akinunua sandarusi katika safari fupi. Alipofika miaka 18 hivi alimfuata baba yake bara, na tangu hapo maisha yake yakawa ya njiani.

Jina la Tippu Tip lina maelezo zaidi ya moja. Wapo wanaosema ni mlio wa bunduki zake, wengine wanasema ni kwa sababu ya macho yake yaliyopepesa bila kukoma. Hayo ya bunduki yana uzito wake. Katika miaka ya 1860 alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, akamshinda na kuchukua shehena kubwa ya pembe. Mmisionari David Livingstone alimkuta maeneo hayo mwaka 1867.

Safari yake ndefu kuliko zote ilianza mwaka 1870 na kumweka bara miaka 12. Humo ndimo kilipotokea kisa ambacho yeye mwenyewe alikisimulia uzeeni bila haya. Alipata habari kwamba mtawala mmoja mzee wa Utetera, Kasongo Rushie, alikuwa na dada aliyechukuliwa mateka zamani na hakuonekana tena. Tippu Tip alikwenda akajitambulisha kuwa ni mjukuu wa dada huyo. Mzee aliamini, akafurahi, akamkabidhi utawala. Kwa maneno machache na uso mkavu, mgeni kutoka Unguja akawa mtemi wa nchi yenye pembe tele. Tunakubali kwamba ni kisa cha kuchekesha, ila waliokuwa na pembe hizo hawakuwa na la kucheka.

Makao yake makuu yakawa Kasongo, upande wa Mto Lualaba, katika Kongo ya leo. Mwaka 1876 alikubaliana na Henry Morton Stanley kumsindikiza kushuka na mto huo, kwa malipo. Mtaji wake ulitoka Unguja, kwa Taria Topan, mfanyabiashara Mhindi aliyewakopesha bidhaa wenye misafara wakalipa kwa pembe.

Na pembe hazitembei zenyewe. Frasila moja ni kama kilo 16, na mpagazi alibeba karibu frasila mbili begani. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni kilomita zipatazo 800, mwendo wa miezi kama mitatu kwa miguu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira. Lakini misafara ilikuwa pia na watumwa, waliotekwa katika vita vya aina ile ya Itabwa. Tippu Tip alifanya biashara ya watu sambamba na ya pembe, wala hakuificha. Inasimuliwa kwamba uzeeni alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000.

Alipowasili pwani mwaka 1882 na msafara wake mkubwa, pembe zilipelekwa Unguja, zikapangwa kwa ukubwa na ubora, zikauzwa kwa nyumba za biashara za Marekani, Ulaya na India. Huko zilikuwa vitana, vipini vya visu, vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Mpira ulikuwa na masharti magumu. Ulitakiwa utoke katikati kabisa ya pembe, ili ule mshipa wa ndani upite kwenye kitovu chake, la sivyo mpira usingekwenda sawa. Ndiyo maana watengenezaji walizipenda pembe ndogo, hasa za ndovu jike, na pembe moja ilitoa mipira michache tu.

Gharama hiyo iliwatia wasiwasi watengeneza meza. Mwaka 1863 kampuni moja ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. Mmarekani John Wesley Hyatt akaingia kazini, na kufikia mwaka 1870 alikuwa na mipira ya seluloidi, moja ya plastiki za mwanzo kabisa. Haikuwa mizuri kama ya pembe, kwa hiyo wenye fedha waliendelea kudai pembe kwa miongo mingi, na misafara ikaendelea.

Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mpango huo haukumfaa. Wabelgiji walitaka pembe zilezile zitokee upande wao, kwa Mto Kongo, zisije tena Unguja. Alirejea Unguja mwaka 1891. Mwaka uliofuata vita vikazuka kati ya watu wake na jeshi la Leopold, na mwanawe Sefu akauawa mwaka 1893. Dola yake ya bara ikaishia hapo.

Miaka ya mwisho alikaa Mji Mkongwe, akasimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu. Malaria ilimuua Juni 1905. Nyumba yake ya Shangani bado imesimama.

Mipira ya klabu za leo ni ya plastiki ngumu, na biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizolipigania hilo. Kwa hiyo ukiuziwa fimbo kuukuu na ukaambiwa kikola chake ni pembe halisi, iache. Kumiliki pembe bila kibali ni kukutwa na nyara za serikali, na kesi yake haina mzaha.