Samuel Kamau Wanjiru: Kijana wa Nyahururu Aliyeigeuza Marathoni

Mji wa Nyahururu umekaa karibu sana na mstari wa ikweta, katika mwinuko wa takribani mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja imeinuka safu ya milima ya Nyandarua, na asubuhi ambapo mawingu hayajatanda, vilele vya Mlima Kenya huonekana kwa mbali upande wa mashariki. Wageni huuendea mji huu ili kuyatazama maporomoko ya Mto Ewaso Narok, ambayo msafiri Joseph Thomson aliyabandika jina la ukoo wake mwaka 1883, kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina lao. Wapenzi wa riadha huuendea kwa sababu nyingine. Alfajiri na mapema, kabla matatu hazijaanza kuita abiria, barabara zake za vumbi huwa tayari zimekanyagwa na makundi ya wakimbiaji. Hapa ndipo alipotokea Julius Kariuki, aliyetwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji jijini Seoul mwaka 1988, na hapa ndipo alipojinolea makali John Ngugi, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano. Katika mji huo alizaliwa Samuel Kamau Wanjiru tarehe 10 Novemba 1986.

Jina lake lenyewe lina hadithi. Wanjiru ni jina la kike miongoni mwa Wakikuyu, na kwa desturi mtoto hutajwa kwa jina la baba. Samuel alilelewa na mama bila baba, akabeba jina la upande wa mama hadi kwenye orodha za mabingwa wa dunia. Maisha yalikuwa ya dhiki. Familia ilitegemea kipande kidogo cha ardhi na vibarua, na karo ya shule ilikuwa mzigo usiobebeka. Alianza kukimbia akiwa na umri wa miaka minane hivi, kama watoto wengi wa sehemu hizo, ila yeye alikuwa na kasi iliyowafanya watu wazima wasimame na kumtazama.

Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alipata nafasi ambayo wavulana wengi wa Mlima Kenya wameiota: msaada wa masomo katika shule ya upili ya Sendai Ikuei Gakuen nchini Japani. Ifahamike kwamba njia hiyo haikuwa ngeni. Douglas Wakiihuri, mshindi wa fedha ya marathoni jijini Seoul, alikuwa amelelewa kimichezo na Wajapani, na Erick Wainaina, aliyepata shaba Atlanta mwaka 1996 na fedha Sydney mwaka 2000, alipitia huko huko. Hata hivyo, Wakiihuri na Wainaina walikwenda wakiwa vijana waliokwisha kujitambua. Wanjiru alikuwa mtoto. Alikwenda katika nchi ambayo hakujua neno moja la lugha yake, yenye theluji, chakula kigeni na nidhamu ya bweni isiyo na mzaha.

Katika shule za Japani mchezo unaotukuzwa kuliko yote miongoni mwa wakimbiaji ni ekiden, mbio za barabarani za kupokezana, ambamo mkimbiaji hampi mwenzake kijiti bali ukanda wa kitambaa uitwao tasuki. Mashindano ya kitaifa ya shule za upili hufanyika mjini Kyoto kila Desemba. Wavulana saba hugawana kilomita 42.195, yaani urefu ule ule wa marathoni. Hapo mtoto wa Nyahururu alijifunza kukimbia kwa niaba ya wengine sita, na Sendai Ikuei ikatwaa ubingwa mwaka 2003 na 2004 akiwa kikosini. Wageni kama yeye waliwashinda wenyeji kwa kiasi ambacho kilizua mjadala mkali, hata mwaka 2008 wanafunzi wa kigeni wakazuiwa kukimbia sehemu ya kwanza ya mbio hizo. Kwa upande mwingine, ni Wajapani hao hao waliompa kijana huyu elimu, lugha, na dhana yao ya gaman, yaani kustahimili bila kulalamika. Katika miaka ya baadaye yeye mwenyewe aliitaja dhana hiyo kuwa funzo kubwa alilolipata ugenini.

Alipohitimu mwaka 2005 aliajiriwa katika timu ya kampuni ya Toyota Kyushu. Huu ni mfumo ambao Wakenya wengi hawaufahamu vyema: mkimbiaji wa Kijapani si mfanyabiashara anayejitafutia mbio za kulipwa, bali ni mwajiriwa mwenye mshahara, bweni na kocha, anayeiwakilisha kampuni. Kocha wake alikuwa Koichi Morishita, mshindi wa fedha katika marathoni ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Kwa hivyo, tangu ujana wake Wanjiru aliwekwa chini ya mtu aliyejua ladha ya kuikosa dhahabu ya marathoni kwa hatua chache.

Mwaka huo huo ulimwengu ukamfahamu. Tarehe 26 Agosti 2005 jijini Brussels, Kenenisa Bekele wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000. Macho yote yakiwa kwa Bekele, kijana wa miaka 18 alimaliza wa tatu kwa dakika 26 na sekunde 41.75, muda ambao hakuna chipukizi aliyewahi kuufikia. Siku 16 baadaye alikwenda Rotterdam na kukimbia nusu marathoni kwa dakika 59 na sekunde 16, akaivunja kwa sekunde moja rekodi ya dunia ya Paul Tergat iliyokuwa imedumu tangu 1998. Haile Gebrselassie alimpokonya rekodi hiyo mwanzoni mwa 2006. Wanjiru aliirejesha Februari 2007 huko Ras Al Khaimah, kisha akaipunguza tena mwezi uliofuata mjini The Hague hadi dakika 58 na sekunde 33. Desemba 2007 alijaribu marathoni kwa mara ya kwanza mjini Fukuoka na kushinda kwa saa 2:06:39. Aprili 2008 jijini London alimaliza wa pili nyuma ya Martin Lel kwa sekunde tisa tu.

Kufikia hapo Kenya ilikuwa na kidonda cha zamani. Nchi iliyozoa nishani katika takribani kila mbio kuanzia mita 800 haikuwa imewahi kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Wakiihuri alikosa. Wainaina alikosa mara mbili. Tergat, aliyekuwa mshikilizi wa rekodi ya dunia, alimaliza wa kumi jijini Athens mwaka 2004. Kwa wanawake, Catherine Ndereba, mzaliwa wa Gatunganga katika Nyeri, alikuwa amepata fedha Athens, na tarehe 17 Agosti 2008 jijini Beijing akapata fedha nyingine. Wiki moja baadaye ikawa zamu ya wanaume.

Wataalamu walikuwa wamekubaliana kuhusu namna mbio hizo zingekwenda. Beijing ya Agosti ni joto na unyevu, na hofu ya hewa chafu ilikuwa imemfanya Gebrselassie asishiriki marathoni kabisa. Kwa hiyo ilitarajiwa kwamba wakimbiaji wangeanza polepole, wachungane, kisha wafyatuke mwishoni, kama ilivyo desturi ya mbio za ubingwa zisizo na wadhibiti kasi. Wanjiru hakuwa na haja na desturi hiyo. Kilomita tano za kwanza zilikwisha chini ya dakika 15, na nusu ya safari chini ya saa moja na dakika tatu. Aliongeza kasi, akapunguza, akaongeza tena, na kila alipoongeza mtu mmoja alibaki nyuma. Wenye umri na uzoefu waliiona kasi hiyo kuwa wazimu wa ujana, na baadhi yao walikaa nyuma wakimngoja aanguke. Walingoja bure. Baada ya kilomita 35 alikuwa amebaki na Jaouad Gharib wa Morocco, bingwa wa dunia mara mbili. Naye Gharib akaachwa.

Aliingia uwanjani peke yake na kumaliza kwa saa 2:06:32. Rekodi ya Olimpiki ya Carlos Lopes, 2:09:21, ilikuwa imesimama tangu Los Angeles mwaka 1984. Kijana huyu aliipunguza kwa karibu dakika tatu nzima, katika jua. Gharib alifika sekunde 44 baadaye. Nyuma yao, Deriba Merga, aliyekuwa ameikimbiza kasi ile kwa muda mrefu, aliishiwa nguvu kabisa na kupitwa ndani ya uwanja na Mwethiopia mwenzake, Tsegaye Kebede, aliyechukua shaba kwa saa 2:10:00. Hiyo ndiyo gharama waliyoilipa waliomfuata Wanjiru siku ile. Tangu hapo makocha wengi waliacha kufundisha kwamba marathoni ya ubingwa ni mchezo wa kungojeana. Wanjiru alikuwa na miaka 21.

Mwaka 2009 alishinda London kwa saa 2:05:10 na Chicago kwa saa 2:05:41, akaweka rekodi za njia zote mbili, na kujipatia dola 500,000 za bingwa wa mfululizo wa marathoni kubwa duniani. Mwaka uliofuata alipata tuzo hiyo tena. Tafakari, msomaji, fedha hizo zilivyomwangukia kijana ambaye miaka kumi awali alikuwa anakosa karo. Japani ilikuwa imemlinda kwa ratiba, bweni na kocha aliyemwamsha. Nyumbani hakukuwa na wa kumwamsha. Alikuwa ameuacha mfumo wa kampuni na kurejea Kenya, akifanya mazoezi chini ya kocha Mwitaliano Claudio Berardelli, na kila alipofika Nyahururu alizungukwa na marafiki wa zamani na wa jana. Alikuwa mkarimu kupita kiasi. Alikunywa pombe, na waliomjali walimwonya waziwazi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini katika kisa hiki lawama haiwezi kumwangukia mgema peke yake. Waliokuwa wakilinywa tembo lile kwa fedha zake walikuwa wengi.

Mbio zake za mwisho kubwa zilikuwa pengine bora kuliko zote. Tarehe 10 Oktoba 2010 alifika Chicago akiwa hajaiva. Goti lilikuwa limemfanya ajiondoe London mwezi wa Aprili, na tumbo lilikuwa limemsumbua wiki chache kabla ya mbio. Kebede, yule yule wa Beijing, alikuwa imara. Katika kilomita za mwisho Kebede alimwacha mara kadhaa, na kila mara Wanjiru alijikokota na kurudi. Walipokaribia kile kilima kifupi kabla ya utepe, alichomoka kwa kasi ambayo mtu aliyekimbia kilomita 41 hatarajiwi kuwa nayo, wakapokezana uongozi, kisha akamwacha Mwethiopia kwa sekunde 19. Muda ulikuwa 2:06:24. Neno gaman halikuwahi kupata tafsiri iliyo wazi kuliko hiyo.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya mahakama. Desemba 2010 alishtakiwa kwa kumtishia mkewe na kumiliki bunduki kinyume cha sheria, mashtaka aliyoyakanusha. Lile la kumtishia mkewe liliondolewa baada ya wawili hao kupatana. Tarehe 15 Mei 2011, usiku, alianguka kutoka roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu na kufariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 24. Maelezo kuhusu namna alivyoanguka yalitofautiana tangu usiku ule, na mvutano wa kifamilia ukafika mahakamani hata kabla ya maziko. Alizikwa tarehe 11 Juni 2011 katika shamba lake.

Kenya ilingoja hadi mwaka 2016 kuipata dhahabu ya pili ya marathoni ya wanaume, pale Eliud Kipchoge aliposhinda Rio de Janeiro kwa saa 2:08:44. Kipchoge alishinda tena mwaka 2021 mjini Sapporo kwa saa 2:08:38. Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 katika barabara zile zile za Chicago mwaka 2023, alifariki kwa ajali ya gari Februari 2024, naye akiwa na miaka 24, kabla hajaikanyaga njia ya Olimpiki. Muda wa Wanjiru ulisalia kileleni kwa karibu miaka 16. Tarehe 10 Agosti 2024 jijini Paris, katika njia yenye vilima vikali, Tamirat Tola wa Ethiopia alikimbia kwa saa 2:06:26 na kuushusha kwa sekunde sita.