Joseph Murumbi: karani aliyeijua dunia

Vita vikichacha Sudan au Kongo, runinga zetu huleta mtaalamu wa uhusiano wa kimataifa, na kabla hajafungua kinywa tunasomewa shahada zake. Kijana wa Pwani aliyepanga chumba Kibera au Kawangware, mchana yuko kwenye kibarua na usiku anafuatilia habari za dunia kwa simu, huona mlango ule si wake. Kijana huyo nataka nimsimulie habari za Joseph Murumbi, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Kenya na hakuwa na shahada ya chuo kikuu.

Alizaliwa mwaka 1911 huko Bonde la Ufa. Baba yake alikuwa Mgoa mfanyabiashara, mama yake Mmaasai. Akiwa bado mdogo alipelekwa India kusoma, akarudi Kenya miaka ya 1930 akiwa kijana asiyejulikana ni wa wapi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewagawa watu kwa rangi, mishahara na hata mitaa ya kuishi, na yeye hakuenea katika fungu lolote. Baadaye alichukua jina la upande wa mama, Murumbi, akaliacha la Zuzarte.

Kazi iliyomfunza ilikuwa Somalia. Kuanzia 1941, Waingereza walipowatoa Wataliano, alifanya kazi katika utawala wao wa kijeshi huko kwa takriban miaka kumi. Nadhani hapa ndipo penye uzito wa maisha yake. Karani huona yale ambayo bwana mkubwa haoni: nani anaomba nini, faili gani inalala, amri ya ofisini inafikaje kwa mfugaji. Baadaye, vita vya shifta vilipowaka kaskazini mashariki, Kenya ilikuwa na waziri aliyewahi kuishi na Wasomali. Wangapi leo wanaoandika ripoti za usalama wa mpakani wanaweza kusema hivyo?

Mwaka 1952 viongozi wa KAU walipokamatwa, yeye alishika ukatibu mkuu wa chama kwa muda. Kisha akaenda uhamishoni. London alifanya kazi na chama cha Movement for Colonial Freedom cha kina Fenner Brockway, akiandaa habari za Kenya kwa wabunge na magazeti, halafu akaajiriwa katika ubalozi wa Morocco. Huo ndio uliokuwa utafiti wake: makaratasi, barua, mikutano, na vitabu alivyonunua kwa pesa kidogo aliyokuwa nayo.

Alirudi 1962, akawa waziri, na 1964 akakabidhiwa mambo ya nje. Februari 1965 rafiki yake mkubwa, Pio Gama Pinto, alipigwa risasi Nairobi. Mei 1966 Murumbi akateuliwa makamu wa rais baada ya Odinga, na kabla mwaka haujaisha akajiuzulu. Rasmi ilikuwa afya. Wengi waliomjua waliona kwamba kifo cha Pinto kilikuwa kimemkata maini, nami sioni sababu ya kuwabishia. Wanasiasa wetu wanaoachia kiti kikubwa hivyo kwa hiari yao wanahesabika.

Hakurudi tena siasani. Alikusanya sanaa za Afrika, akaanzisha African Heritage pamoja na Alan Donovan, na vitabu vyake vikapita 50,000. Zaidi ya 8,000 vilichapishwa kabla ya 1900. Serikali ilivichukua, na leo viko katika jumba la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Kutoka Kibera au Kawangware ni matatu moja tu mpaka mjini. Watu hupita pale mlangoni kutwa, wengi wakisubiriana tu.

Murumbi alifariki Juni 1990. Alizikwa City Park, karibu na kaburi la Pinto, kama alivyotaka mwenyewe.