Bibi Rosine Krapf

Wengi wamjua Dakta Krapf. Mkewe hatajwi ila kwa kifo chake, nasi twaona si haki. Bibi Rosine aliolewa mwaka 1842, akafuatana na mumewe safari ya Uhabeshi. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa jangwani huko, asiishi; walimwita Eneba, maana yake Chozi. Hata hivyo hakurudi kwao Ulaya. Mei 1844 wakafika Mombasa, naye ni mja mzito. Julai akajifungua binti, kisha homa ikamshika, na mumewe hoi vilevile. Tarehe 13 akafariki, ameagiza azikwe bara, wapitapo watu. Kitoto kikamfuata mamaye. Kaburi lingali Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Mumewe akabaki peke yake hata 1846, alipokuja Rebmann.