Eratosthenes, Mtu Aliyeipima Dunia kwa Kivuli

Ninyi mkaao Tabora, simamisheni kijiti wima mwanzo wa Machi au mwanzo wa Oktoba. Jua likifika utosini, kivuli chake hutoweka. Kwa jambo dogo kama hilo mtu mmoja wa kale aliipima dunia nzima.

Jina lake Eratosthenes. Alizaliwa Cyrene, katika nchi iitwayo leo Libya, yapata mwaka 276 kabla ya Kristo. Alisoma Athens, kisha mfalme wa Misri, Ptolemy wa Tatu, akamwita Alexandria, akamfanya mkuu wa maktaba yake. Wengine walimwita Beta, yaani wa pili, kwa kuwa alijua elimu nyingi, lakini hakuwa wa kwanza katika hata moja.

Alisikia ya kuwa huko Syene, mji wa kusini kando ya mto Nile, siku moja katika mwaka jua la adhuhuri huangaza mpaka chini ya kisima. Siku hiyo hiyo Alexandria palikuwa na kivuli. Akakipima, akaona pembe yake ni sehemu moja katika sehemu 50 za duara. Tena, kutoka mji mmoja mpaka wa pili palihesabiwa stadia 5,000, kipimo cha Wayunani. Basi, 5,000 mara 50 ni 250,000.

Lakini hesabu aliyotuachia ni 252,000. Kwa nini akaongeza 2,000? Wataalamu wengi hudhani sababu ni hii: duara aliigawa sehemu 60, na 250,000 haigawanyiki kwa 60 pasipo baki, wala kwa 3, wala kwa 7. Bali 252,000 hugawanyika kwa kila namba toka 1 mpaka 10. Ukiigawa kwa 60 wapata 4,200. Kwa 360 wapata 700. Njia ile ilikuwa imekadiriwa tu, na nyongeza haikufika hata sehemu moja katika mia. Kwa hiyo hakuharibu kazi yake.

Ndiye pia aliyetufundisha kuchekecha namba. Andika namba kuanzia 2. Acha 2, futa kila inayogawanyika kwa 2, acha 3, ufanye vivyo hivyo, na kuendelea. Zinazobaki ni 2, 3, 5, 7, 11 na nyinginezo, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ivunje 252,000, nawe utakuta ndani yake zile nne za kwanza tu: 2 mara tano, 3 mara mbili, 5 mara tatu, na 7 mara moja.

Inasimuliwa kwamba uzeeni alipofuka, asiweze kusoma tena. Alikufa yapata mwaka 194 kabla ya Kristo.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1857 Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, kwa njia ya misafara, nao pia walikuwa na vyombo vya kupimia jua. Mwaka 1858 Speke alitoka hapo kwenda kaskazini, akaliona ziwa kubwa litokamo mto Nile, mto ule ule upitao Syene penye kile kisima.

Zoezi: Ivunje 5,040 kwa njia hiyo. Je, yagawanyika kwa kila namba toka 1 mpaka 10?