James Lansing: fundi aliyeacha jina lake kwenye spika

Herufi JBL zipo karibu kila penye muziki. Zipo kwenye spika ndogo za kuunganisha na simu, kwenye spika kubwa za harusini, na kwenye makasha ya mbao ya zamani yanayouzwa mitumba. Zipo hata kwenye bidhaa bandia ambazo kampuni yenyewe haikuzitengeneza. Msikilizaji mwenye spika hiyo nyumbani huenda hajui kwamba herufi hizo ni jina la mtu. Aliitwa James Bullough Lansing, fundi wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1949 akiwa na deni, kabla jina lake halijajulikana duniani.

Leo tunaeleza maisha yake, na kwa nini spika zilizotoka kwenye kampuni yake bado zinafufuliwa na mafundi miaka mingi baada ya yeye kuondoka.

Mtoto wa tisa

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1902 katika jimbo la Illinois, Marekani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa James Martini, mtoto wa tisa kati ya watoto kumi na wanne. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi. Kwa muda fulani utotoni aliishi na familia nyingine iliyoitwa Bullough, na baadaye akalichukua jina lao kuwa jina lake la kati.

Tangu mdogo alipenda umeme. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka kama kumi na miwili aliunda mtambo mdogo wa kurushia mawimbi ya redio, na mawimbi yake yakafika hadi kwenye kambi ya jeshi la majini, ambao walimfuata na kuuzima. Alipokua alifanya kazi ya umakanika wa magari.

Mama yake alifariki mwaka 1924, na kijana huyo akaondoka nyumbani kwenda Salt Lake City, magharibi mwa nchi. Huko alipata kazi kwenye kituo cha redio, akamwoa Glenna Peterson, na akakutana na Ken Decker, mtu aliyeijua biashara kuliko yeye.

Mmoja fundi, mmoja mhasibu

Mwaka 1927 Lansing na Decker walihamia Los Angeles na kuanzisha kampuni ya kutengeneza spika za redio. Wakati huo ndipo alipoacha jina la Martini na kuwa Lansing. Walikuwa wamegawana kazi: Lansing alishughulika na karakana, Decker akashughulika na fedha.

Ili kuelewa alichokuwa akikifanya, tuangalie spika inavyofanya kazi. Nyuma ya koni kuna sumaku. Katikati ya sumaku hiyo kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa sauti ukipita kwenye koili, koili inavutwa na kusukumwa na sumaku, nayo inaisukuma koni. Koni inasukuma hewa, na hewa hiyo ndiyo sauti inayofika sikioni.

Nafasi ya koili ndani ya sumaku ni nyembamba sana. Waya wa kawaida ni wa mviringo, na ukiuzungusha unaacha mianya midogo kati ya waya na waya. Lansing alitumia waya bapa kama utepe, akauzungusha ukiwa umesimama kwa ubavu wake. Mianya ikapungua, waya mwingi zaidi ukaingia mahali pale pale, na spika ikatoa sauti kubwa zaidi kwa umeme ule ule. Kuuzungusha waya wa namna hiyo bila kuukunja kunahitaji mkono mtulivu.

Katika miaka ya 1930 sinema zilikuwa zimeanza kutoa sauti, lakini spika za kumbi zilikuwa duni. Douglas Shearer, mkuu wa sauti wa kampuni ya filamu ya MGM, alitaka mtambo bora, na kampuni ya Lansing ikatengeneza spika zake. Mtambo huo ulipata tuzo ya ufundi ya Academy ya mwaka 1936. Mwaka 1937 Lansing alitoa mtambo mdogo zaidi wa studio ulioitwa Iconic, na wahandisi wa sauti wakaupenda.

Jina lauzwa

Mwaka 1939 Ken Decker alifariki katika ajali ya ndege. Lansing alibaki na karakana nzuri bila mtu wa kushika daftari la fedha, na kampuni ikaanza kuyumba. Desemba 1941 iliuzwa kwa kampuni ya Altec kwa dola 50,000. Kampuni iliyozaliwa hapo iliitwa Altec Lansing. Yeye mwenyewe alibaki humo kama makamu wa rais wa uhandisi, akiwa mwajiriwa chini ya jina lake.

Mkataba wake ulipokwisha mwaka 1946, aliondoka na kuanzisha kampuni nyingine aliyoiita Lansing Sound. Altec walipinga, kwa kuwa jina Lansing walikuwa wamelinunua. Basi ikabidi aandike jina lake kwa kirefu: James B. Lansing Sound. Kutoka hapo zikapatikana herufi JBL.

Spika aliyoitoa miaka hiyo, D130, ilikuwa na upana wa inchi 15 na koili ya inchi 4, kubwa kuliko ilivyozoeleka. Baadaye wapiga gitaa la umeme waliipenda kwa sababu ilistahimili kelele za jukwaani.

Lakini bidhaa nzuri haikulipa madeni. Alikuwa akikopa ili kununua vifaa, na akadaiwa na wale wale waliomsaidia. Septemba 1949, akiwa na umri wa miaka 47, alijiua nyumbani kwake San Marcos, California, alikokuwa na shamba la maparachichi.

Kampuni ilichukuliwa na mshirika wake, William Thomas, ambaye alinunua pia sehemu ya mjane, Glenna. Katika miaka ya 1950 kampuni ile ile ilisimama na kukua. Deni lililoonekana halina mwisho lilikuwa na mwisho. Mwaka 1969 ilinunuliwa na mfanyabiashara Sidney Harman, na tangu 2017 kampuni ya Harman iko chini ya Samsung.

Kasha kuukuu mkononi mwa fundi

Mwaka 1970 JBL walitoa spika ya nyumbani iliyoitwa L100. Ni kasha la mbao lenye spika tatu: ya besi ya inchi 12, ya sauti za kati ya inchi 5, na twita ndogo. Walionunua walizipanga kwenye rafu za sebule. Nyingi bado zipo, na watu huzinunua mitumba ili kuzirejesha katika hali yake.

Kinachoharibika kwanza ni kifuniko cha mbele. Kilikuwa cha sponji, na sponji ikizeeka inamomonyoka kama keki kavu. Vitufe viwili vya kurekebisha sauti huingia kutu na vumbi, sauti ikawa inakatika-katika; dawa ya kusafishia swichi mara nyingi hutosha. Kapasita za zamani hupoteza nguvu, na fundi huzibadilisha kwa kulehemu mpya zenye kipimo kile kile.

Spika ya besi yenyewe mara nyingi huwa nzima. Ukingo wa koni yake ni wa kitambaa kilichopakwa dawa, si wa sponji kama spika nyingi zilizofuata, kwa hiyo hauozi upesi.

Ukikutana na spika kuukuu ya aina yoyote, jaribu mambo mawili kabla ya kutoa fedha. Kwanza, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, pande mbili kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku. Pili, gusisha waya zake kwenye betri ya volti 1.5 kwa nukta moja tu. Koni ikiruka kidogo na kutoa mlio, koili haijakatika. Kwa spika za kawaida, chanya ikienda kwenye chanya koni hutoka nje. Spika za zamani za JBL hufanya kinyume: koni huingia ndani. Si ubovu, ndivyo zilivyotengenezwa. La muhimu ni spika zote mbili zifanane.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lansing aliifahamu kanuni hiyo kwa chuma na waya, akatengeneza vitu vinavyofunguka na kutengenezeka. Kwa upande wa fedha hakuwa na Decker mwingine wa kukaa naye mezani. Nasi tunawakumbusha wasikilizaji wetu, hasa mafundi na wakulima wenye mikopo: deni likikulemea, usikae nalo peke yako. Mwambie mwenzako, mzee unayemwamini, kiongozi wa dini au mhudumu wa afya, na umwambie mapema.